Serengeti, "game" si mchezo

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayetoka Natta au Robanda hulijua neno "game" kabla hajaingia darasa langu la Kiingereza. Amewasikia madereva wa watalii wakisema wanawapeleka wageni "gemu". Amecheza gemu kwenye simu ya kaka yake. Jumapili amesikia watu wakisema gemu ya leo ni ngumu. Kisha nampa kazi ya kuandika aya moja kuhusu wilaya yetu, naye ananiandikia kwamba Serengeti kuna "many games". Kosa hilo nililikuta nilipokuwa nafundisha Tarime, nalikuta kila mwaka hapa Mugumu wilayani Serengeti, na sipendi kulipiga mstari mwekundu halafu basi. Limebeba historia yetu.

Sarufi yake ni fupi. "Game" ya kucheza inahesabika, na wingi wake una s, kama katika Olympic Games, yaani Michezo ya Olimpiki, au kile kipindi cha "games" kwenye ratiba ya shule. "Game" ya porini haihesabiki. Nyumbu mmoja ni game, kundi zima linalovuka Mto Mara ni game, na nyama yake ikiwa sufuriani ni game vilevile. Nyumbu wa Serengeti wamepita milioni moja, na bado hiyo s haiingii.

Imekuwaje basi mnyama na mchezo vikapewa jina moja? Kiingereza cha kale kilikuwa na neno "gamen", maana yake furaha na burudani. Kwa wakubwa wa Uingereza, burudani iliyopita zote ilikuwa kuwinda, na kufikia mwishoni mwa karne ya 13 neno lilikuwa limehama kutoka kwenye raha ya mwindaji na kumwangukia anayewindwa. Tangu William aliyekuja kutoka Normandy alipoiteka nchi hiyo mwaka 1066, wafalme walitenga misitu mikubwa kwa ajili ya uwindaji wao, na mkulima aliyeua kulungu humo aliadhibiwa vikali. Kwa hiyo neno lilipofika kwetu lilikuwa tayari na mwenyewe. "Game" ni mnyama ambaye mtu fulani ana haki ya kumwinda kwa raha zake, na jirani yake hana.

Kiswahili kilipita njia nyingine kabisa. Kwetu mnyama na kitoweo ndivyo vilivyokaa pamoja, katika neno nyama. Ofisa wa kikoloni ambaye cheo chake kilikuwa Game Warden, watu walimwita Bwana Nyama, na mimi naiona tafsiri hiyo kuwa ya kweli kuliko nyingi zilizoandikwa kwenye kamusi. Waikoma, Wanatta na Waisenye wa wilaya yetu ni wawindaji wa vizazi vingi: nyumbu walipoingia kiangazi, nyama ilianikwa ikakaushwa ili iifikishe familia mbele. Kwetu Wakurya mali ni ng'ombe, ndiye anayelipa mahari, lakini nyama ya porini nayo iliingia jikoni. Sijapata kumsikia mzee, Mwikoma wala Mkurya, akiusimulia uwindaji kama mchezo. Husimulia njaa, ujasiri, mbwa wazuri na mgawo wa nyama.

Mwaka 1929 sehemu ya Serengeti ilifanywa Game Reserve, na mwaka 1951 ikaja Hifadhi ya Taifa. Ikorongo na Grumeti, mapori yanayopakana na vijiji vyetu, yalitangazwa kuwa Game Reserve mwaka 1994. Nimesahihisha daftari la mwanafunzi aliyetafsiri Game Reserve kuwa "akiba ya michezo". Alifuata maneno yote mawili kwa uaminifu, ila hakuambiwa kwamba neno la kwanza hapo ni mnyama. Waliotunga "Pori la Akiba" walifanya kazi nzuri: waliiacha burudani nje, wakataja mahali penyewe. Vivyo hivyo Game Controlled Area ikawa Pori Tengefu. Majina haya si mapambo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa hakuna kuwinda kabisa, hata kwa tajiri. Ndani ya Pori la Akiba uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwa kibali. Mfugaji asiyejua tofauti ya majina ajue walau jambo moja: ng'ombe hawaruhusiwi katika yote mawili.

Ndugu wa neno hili ni wengi, na kila mmoja ana kwake. "Match" ni pambano la timu mbili. Mwingereza hulitumia kwa mpira wa miguu pale Mmarekani anaposema "game". "Prey" ni mnyama anayeliwa na mnyama mwenzake, kama swala kwa chui. "Quarry" ni windo linalofukuzwa, lakini pia ni machimbo ya mawe, na mtoto wa Nyamongo, aliyekulia jirani na mgodi wa dhahabu, huelewa maana hiyo ya pili kwanza. "Wildlife" ni wanyamapori wote, wawe wanawindwa au la. Ndilo lililomo kwenye jina la sheria yetu ya uhifadhi ya 1974, na tena ya 2009. Kwa insha za shule nalipendekeza hilo. Kisha kuna semi: "I'm game" ni niko tayari, "the game is up" ni umeshagundulika, na "fair game", iliyotoka kwenye uwindaji, ni yule ambaye kumshambulia kunaonekana halali.

Ugumu hasa uko kwenye "game meat" na "bushmeat". Nyumbu ni yuleyule. Akiuawa kwa kibali na kuuzwa kwenye bucha lililosajiliwa, kama kanuni za 2020 za uuzaji wa nyamapori zinavyoruhusu, Kiingereza kinamwita "game meat". Akinaswa kwa waya usiku, ni "bushmeat". Aliyeua kwa kibali ni "hunter", asiye nacho ni "poacher"; kwetu mwindaji na jangili. Kwenye nyama yenyewe Kiswahili hakitengi: yote ni nyamapori. Mwanafunzi anayesoma makala ya Kiingereza kuhusu kijiji chake anapaswa kuona kwamba hukumu imeshatolewa ndani ya jina la kitoweo, kabla mwandishi hajataja ushahidi wowote.

Tena kuna "trophy". Uwanjani ni kombe. Kwa mwindaji wa kitalii ni pembe au kichwa cha kutundika ukutani. Katika Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Sura ya 283, "Government trophy" imetafsiriwa nyara za serikali, na nyara kwa asili ni mali iliyotekwa vitani. "Trophy" nayo kwa asili ilikuwa alama ya ushindi wa vita, kwa hiyo maneno yote mawili yametoka vitani, na hakuna hata moja linalomkumbusha msikilizaji chakula. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, hivyo neno hilo sasa linasomwa mbele ya mshtakiwa kwa lugha anayoielewa, ingawa wengi bado hudhani nyara ni meno ya tembo peke yake. Ninawaambia wanafunzi wangu waziwazi, na ninawaomba wakawaambie baba na kaka zao: kipande cha nyama kavu ya nyumbu kilichofungwa kwenye gazeti ni nyara za serikali, na kukutwa nacho bila kibali ni kosa linaloweza kumfunga mtu miaka mingi.