Tuliyofundishia Nyumbani Mwaka Huu, na Tutakayoendelea Nayo

Julai imefika. Kwa kawaida huu ndio wakati wa kupokea bulletini, na mama anasoma asilimia za mtoto wake kwa sauti ili jirani naye asikie. Mwaka huu wa masomo 2024-2025 wengi wetu hatuna karatasi hiyo mkononi. Vita vilifika Masisi-Centre mwezi wa Januari, na Machi vikafika Walikale-Centre. Shule zingine zilifungwa, zingine zikajaa familia zilizokimbia, na madawati mengine yakaishia chini ya sufuria.

Lakini watoto hawakukaa bure. Tuliwafundisha nyumbani, katika vyumba vya familia zilizotupokea, na pale mvua iliporuhusu, uani. Sasa tunaulizana: katika yote tuliyotumia, tuendelee na kipi?

Cha kwanza, bila ubishi mrefu, ni kusoma kwa Kiswahili. Kuna wamama waliotaka tuanze na Kifaransa moja kwa moja, kwa sababu ndicho mtihani unachotaka. Sisi tunasema hapana, na sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 iko upande wetu: inakubali lugha za taifa na lugha za mazingira zitumike kufundishia. Mtoto anayesema Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda na bibi yake, na Kiswahili na wenzake njiani, anaelewa haraka kwamba alama hizi ni maneno anayoyajua. Tulitumia ubao wa mbao na kipande cha makala ya jiko: ba, be, bi, bo, bu. Baada ya silabi, kitabu cha nyimbo za kanisa. Hicho tunakisifu sana. Mtoto tayari anajua wimbo kwa kichwa, hivyo kidole kinafuata maneno bila woga. Na mama aliyeacha shule mwaka wa tatu anaweza kumfuata. Kitabu kinachomhitaji mwalimu mwenye diploma hakitusaidii jioni, wakati mwalimu ni mama anayechambua sombe.

Kifaransa kinakuja nyuma yake, kila siku kidogo. Kitabu kinene cha sarufi tunakiacha kwa wakubwa wa sekondari. Kwa wadogo, sentensi kumi za nyumbani zinatosha kwa wiki: nani anateka maji, mbuzi yuko wapi, mvua inanyesha. Kwa walio mwaka wa sita jambo ni lingine, maana mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi unapima Kifaransa, hesabu na utamaduni wa jumla. Kwao tulichagua daftari moja la maswali ya miaka iliyopita, yaliyonakiliwa kwa mkono, likizunguka nyumba kwa nyumba. Limechakaa, lina madoa ya mawese, na hakuna kitu tulichokitumia zaidi.

Redio tuliizoea tangu Machi 2020, shule zilipofungwa nchi nzima kwa ajili ya Covid-19 na Radio Okapi ikaleta kipindi cha Okapi École. Tunaipenda kwa sikio la Kifaransa. Ila mtoto akiachwa peke yake na redio, baada ya dakika tano anatafuta muziki. Mtu mzima akae karibu, aulize: amesema nini? Na mawe ya redio yana bei yake.

Hesabu ndiyo iliyotufurahisha. Hatukununua chochote. Vipimo vitatu vya maharagi, kila kimoja franka 1.500, mteja ametoa noti ya 5.000: mrudishie ngapi? Mtoto wa miaka minane akijibu 500 kabla ya mteja, mama anacheka hadi jioni. Kuzidisha na kugawanya tulifundisha kwa punje za mahindi, na sehemu za nambari kwa jibini ya Masisi, ambayo ni mviringo na inakatika vizuri nusu, robo na nane (somo hilo halikukosa wanafunzi hata siku moja).

Halafu kuna hadithi za wazee, na hapa tunawaomba msizione kama mchezo wa kupitisha muda. Wanyanga wa Walikale wana utenzi wa Mwindo. Mwaka 1956 mzee Shekarisi Rureke aliuimba wote, ukaandikwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, na mwaka 1969 ukatoka kama kitabu kinachosomwa katika vyuo vikuu vya Marekani. Watoto wetu wangali wanaweza kuusikia nyumbani kutoka kwa bibi. Chifu Shemwindo wa Tubondo anawaambia wake zake saba wazae wasichana tu. Atakayezaliwa mvulana atauawa. Mwindo anazaliwa, baba anamtupa mtoni ndani ya ngoma, naye anasafiri hadi kwa shangazi yake Iyangura. Baada ya hadithi tuliwaambia watoto waisimulie tena, wakubwa waandike mistari mitano, kisha wajibu: kwa nini baba alikataa mtoto wake? Wavulana na wasichana walibishana mpaka moto ukazimika. Huo ni utungaji, ni kumbukumbu, na ni heshima kwa lugha ya nyumbani.

Jambo moja halihusu vitabu. Mahali pengi kaka alikaa na daftari wakati dada yake anateka maji, anabeba mtoto, anatoka shamba. Jioni anasinzia kabla ya silabi ya tatu. Vikundi vilivyofanikiwa viliweka saa ya masomo asubuhi, baada ya maji, na kazi ya maji ikagawanywa kwa wote. Wavulana walinung'unika. Walizoea.

Kuhusu kurudi shuleni: bulletini ya mwaka uliopita iwekwe ndani ya plastiki pamoja na karatasi ya kuzaliwa, katika mfuko ule unaoushika kwanza mkikimbia. Pamoja nayo weka daftari la mtoto lenye tarehe, ili direkta wa shule itakayompokea aone alikofika. Aliyepoteza miaka mingi asikae nyumbani kwa aibu ya kuwa mkubwa darasani: vituo vya kurekebisha masomo, vile vinavyoitwa CRS, vinafupisha miaka 6 ya msingi kuwa 3, na mwishoni mtoto anafanya mtihani ule ule wa mwaka wa sita.

Shule zinafunguliwa Septemba. Kabla ya hapo tunataka daftari la maswali lipate nakala tatu, moja ibaki Masisi, moja iende Walikale, moja ifuate familia zilizo njiani. Mwenye mwandiko mzuri aje mkutanoni na kalamu yake. Mwenye kitabu cha hesabu cha mwaka wa tano kisicho na kazi nyumbani, tafadhali akilete.