Kolesteroli nzuri na kimelea cha mbung'o

Majibu ya maabara yakitoka, watu hukimbilia kusoma LDL, ile wanayoiita kolesteroli mbaya. Kuhusu HDL, ile nzuri, wanaambiwa tu iwe juu, basi. Hapo ndipo wauza unga wa makopo unaodaiwa kuipandisha wanapopata soko, nami naliona ni jambo baya, kwa sababu HDL hailiwi kwa kijiko. Ni chembe yenye upana wa nanomita 7 hadi 12 hivi, iliyoundwa kwa mafuta na protini, na protini yake kuu hutengenezwa na ini na utumbo. Huzoa kolesteroli iliyozidi kwenye kuta za mishipa na kuirudisha kwenye ini.

Hayo yamesemwa sana. Lisilosemwa ni kwamba HDL hiyo hiyo humkinga mchungaji: mbung'o akimuuma baada ya kumuuma ng'ombe mwenye nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, mara nyingi mtu hapati ugonjwa ule. Mwaka 1902 Alphonse Laveran alionyesha kuwa majimaji ya damu ya binadamu huua vimelea vya nagana, na miaka mingi baadaye ikajulikana kwamba muuaji amejificha ndani ya HDL.

Baadhi ya chembe za HDL hubeba protini inayoshika himoglobini, pamoja na nyingine iitwayo APOL1. Trypanosoma brucei, kimojawapo cha vimelea hivyo vya nagana, huhitaji himoglobini ya mwenyeji wake, basi huimeza chembe nzima, kama panya anavyobugia dagaa waliotiwa sumu. Ikishafika kwenye kifuko chake cha kusagia chakula, chenye tindikali, APOL1 hutoboa utando wake. Chumvi na maji huingia, kimelea kikavimba hadi kupasuka.

Jamii yake ya Afrika Mashariki, rhodesiense, imepata protini iitwayo SRA inayoikamata APOL1 na kuizima. Ndiyo maana inatuletea malale. Damu ya nyani, ambayo APOL1 yake haikamatiki hivyo, huiua hata hiyo rhodesiense! Malale ni ugonjwa wa wavuvi, warina asali na wachungaji wasio na msemaji mjini. Kwa maoni yangu, ndiyo sababu habari nzuri namna hii imebaki mikononi mwa wataalamu.

Tukirudi kwenye moyo: HDL chini ya miligramu 40 kwa desilita kwa mwanamume, au 50 kwa mwanamke, huhesabiwa kuwa ndogo. Lakini kuipandisha namba peke yake hakutoshi. Dawa ya torcetrapib iliipandisha HDL kwa zaidi ya nusu, ila waliokuwa wakiitumia walikufa wengi kuliko wenzao, na mwaka 2006 jaribio likasimamishwa. Kazi nyingine za HDL ni kupunguza uvimbe kwenye mishipa, kuikinga LDL isiharibiwe na oksijeni, na kunasa sumu za bakteria. Kuitunza ni kuacha sigara, kutembea kwa miguu, kupunguza kitambi.