Lele si ngoma: tuupe kila utafiti wa tiba jina lake

Wahenga walinena kuwa mwanzo wa ngoma ni lele. Hawakusema kuwa lele ndiyo ngoma. Tofauti hiyo hunijia akilini kila nisomapo habari za utafiti wa afya katika lugha yetu. Mimi si tabibu. Udaktari wangu ni wa isimu. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo matabibu hawawezi kulitatua pasipo walimu wa Kiswahili.

Jambo lenyewe ni neno ‘majaribio’. Mtafiti anayewapa dawa watu 30 ili aone kama utafiti anaoukusudia unatekelezeka, magazeti husema anafanya ‘majaribio’. Mwenzake anayewagawa watu 3,000 katika makundi mawili, akalilinganisha kundi lililopewa dawa na lile lisilopewa, naye pia husemekana anafanya ‘majaribio’. Msomaji atajuaje kuwa wa kwanza anaipima njia, na wa pili ndiye anayeipima dawa?

Utafiti mdogo wa awali hujibu maswali ya utekelezaji. Je, wagonjwa watakubali kushiriki? Watarudi kliniki baada ya mwezi mmoja? Wauguzi wataweza kuijaza hojaji huku foleni ikiwasubiri? Haukusudiwi kuthibitisha kuwa dawa inaponya, wala kuwa ni salama. Hesabu yenyewe inakataa. Watu 30 wakimeza dawa na asidhurike hata mmoja, bado yawezekana kuwa dawa hiyo humdhuru mtu 1 katika kila 10.

Gharama ya kuchanganya mambo haya tunaijua. Mwaka wa 1990, nilipokuwa bado mtoto wa shule ya msingi, Taasisi ya Utafiti wa Matibabu nchini (KEMRI) ilitangaza Kemron, dawa yenye kiasi kidogo cha intaferoni, kuwa tegemeo jipya la wagonjwa wa Ukimwi. Ilizinduliwa kwa shangwe. Msingi wake ulikuwa utafiti wa wagonjwa wachache, usiokuwa na kundi la kulinganisha. Majaribio makubwa yaliyofuata, likiwemo lililofanywa Uganda, hayakuona faida yake. Lele ilipigiwa vigelegele kana kwamba ni ngoma, na waliolipia matumaini hayo ni wagonjwa.

Wenzetu wa sayansi wamejirekebisha. Mwongozo wa kimataifa wa CONSORT uliotolewa mwaka wa 2016 unamtaka mtafiti aseme katika anwani ya ripoti yake, bila kuficha, kuwa kazi hiyo ni ya awali tu. Lakini habari ikishafasiriwa kwa Kiswahili, tahadhari hiyo humezwa na ‘majaribio’.

Si kwamba lugha yetu ni maskini. Istilahi ‘upembuzi yakinifu’ hutumika, hasa Tanzania, kwa miradi ya barabara na mabwawa. Kupembua ni kazi ya ungo: kutenga nafaka na makapi kabla ya chungu kuinjikwa. Basi uchunguzi wa kujua kama utafiti fulani unawezekana na uitwe upembuzi yakinifu. Ule unaouiga utafiti mkuu kwa kipimo kidogo uitwe utafiti tangulizi. Neno ‘majaribio’ tuliachie utafiti mkuu.

Huenda mtu akasema kuwa mama aliyempakata mtoto mgonjwa hana haja na istilahi. La hasha! Yeye ndiye anayeombwa kutia sahihi. Kwake ‘homa’ yaweza kuwa malaria, joto la mwili au mafua. ‘Mkono’ wake huanzia begani hadi vidoleni, ilhali hojaji iliyoandikwa kwa Kiingereza ilikusudia kiganja na vidole tu. Akiambiwa kuwa mwanawe atapangiwa kundi kwa ‘bahati nasibu’, atadhani kuna zawadi ya kushindaniwa. Utafiti tangulizi ndio mahali pa kuyagundua matatizo haya, washiriki wakiwa 30, kabla hawajawa 3,000. Mtafiti aliyeikagua mizani na friji lakini hakuyakagua maneno yake hajakamilisha matayarisho.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu jambo dogo. Chukueni gazetini habari moja ya dawa mpya, muipeleke darasani. Wanafunzi waulizane: wagonjwa walikuwa wangapi? Walilinganishwa na nani? Mwandishi ametumia neno gani, na neno hilo limeficha nini? Kijana atakayezoea kuuliza hivyo hatauziwa matumaini kwa bei ya tiba. Atajua, hata bila kuwa daktari, ikiwa anachosikia ni lele au ni ngoma.