Makovu ya TB: seli mpya zipo maabara, si hospitali

Dawa huponya kifua kikuu, ila makovu huweza kubaki kwenye mapafu. Je, yanaweza kuzibwa kwa seli mpya?

Mwaka 2007 wanasayansi wa Kyoto, Japani, waligeuza seli za ngozi ya mtu kuwa seli shina. Maabara sasa huzikuza hadi ziwe seli za njia ya hewa, zenye vinyweleo vya kufagia vumbi na makohozi. Kuzipandikiza zikashika kwenye pafu la mgonjwa ndiyo ngoma nzito, bado inatafitiwa.

Kwa sasa, kinga ya kovu ni kuwahi. Mjini Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa TB kwenye makohozi: sampuli 100 kwa dakika 20.

Kikohozi kimefika wiki mbili? Usikae nacho, nenda kapime.