Je, Wajua? Pa Kulala Makambako, Njombe na Ilembula

Je, wajua kuwa Njombe ni mkoa wenye umri mdogo? Ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Anayeutembelea kwa siku mbili tatu ana miji miwili ya kuchagua, Makambako na Njombe, iliyoachana kwa kilomita 60 hivi za lami, na mji mdogo wa tatu, Ilembula, ulioko wilaya ya Wanging'ombe. Wageni wengi hawachagui. Wanalala pale basi lilipowashusha, kisha wanarudi kwao wakilalamikia baridi, kelele na upepo, ilhali mtaa wa pili tu ungewapa usingizi wa maana.

Je, wajua kwa nini Makambako hailali? Barabara kuu ya Dar es Salaam, Mbeya na Tunduma inapita hapo, ile ya Njombe na Songea inachepukia hapo hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni yake. Zamani usiku ulikuwa na nafuu, maana tangu miaka ya 1990 mabasi yalikatazwa kutembea usiku kucha. Katazo hilo liliondolewa Oktoba 2023. Sasa basi linaweza kuingia saa nane ya usiku, wapiga debe wanaita, malori yanayokwenda Zambia na Kongo yanapunguza mwendo kwa mngurumo unaotikisa vioo. Chumba kinachotazama barabara kuu kinamfaa mtu mmoja: anayeunganisha safari alfajiri. Wewe uliyekuja harusini au kupumzika, chukua bajaji uingie mitaa ya ndani. Dakika kumi za mwendo kutoka kwenye lami zinabadilisha usiku mzima.

Majina ya mitaa nayo hupoteza wageni. Mjimwema ipo Makambako. Mjimwema ipo Njombe. Mjimwema nyingine ipo Songea, na nyingine Kigamboni, Dar es Salaam. Ukipiga simu kuulizia chumba, taja mji kwanza, mtaa baadaye. Majengo nayo ni hivyo hivyo, karibu kila mji wa nchi hii una Majengo yake.

Je, wajua kuwa kibao cha "Hoteli" hakiahidi kitanda? Kwa Watanzania wengi, na hata jirani zetu Wakenya, hoteli ni mahali pa chai, chapati na wali. Anayetafuta pa kulala aangalie neno gesti, lodge au nyumba ya wageni. Akitaka choo na bafu ndani ya chumba, aulize kama chumba ni "self". Ataeleweka mara moja.

Upepo wa Makambako si maneno ya wasafiri tu. Wataalamu wa umeme waliupima, na eneo hili likatajwa pamoja na Kititimo ya Singida kuwa miongoni mwa sehemu bora nchini kwa nishati ya upepo, wastani wake ukizidi mita 8 kwa sekunde. Hiyo ni karibu kilomita 30 kwa saa, siku nenda rudi. Wakati wa kiangazi unavuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, ukibeba vumbi la stendi na la barabara za udongo. Kabla ya kulipia chumba, ingia, funga dirisha, weka kiganja kwenye ukingo wa fremu. Ukihisi ubaridi unapenya, omba chumba cha upande wa pili wa nyumba. Bei ni ile ile.

Sasa baridi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo inayowaumiza wageni kuliko kitu kingine. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Njombe inakaribia mita 2,000. Aliyeondoka Dar es Salaam asubuhi akiwa na fulana anashuka Njombe jioni mahali penye tofauti ya nyuzi 12 kwa sababu ya mwinuko peke yake. Juni na Julai, sakitu huonekana alfajiri juu ya majani, nyeupe kama unga uliomwagika.

Lakini je, wajua kwamba ndani ya mji mmoja baridi haigawanywi sawasawa? Hewa ya baridi ni nzito. Usiku mtulivu inateremka kama maji na kutuama mabondeni. Wakulima wa vinyungu, yale mashamba ya mabondeni yanayolimwa kiangazi, wanalijua hili vizuri: sakitu huunguza viazi vya chini, huku vya mteremkoni vikisalimika. Mgeni atumie akili hiyo hiyo. Kati ya gesti iliyo bondeni karibu na kijito na iliyo kwenye mteremko, nenda ya mteremkoni, hata kama utapanda kilima kidogo na begi lako.

Na dirisha? Njombe iko nyuzi 9 na ushee kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini. Chumba cha dirisha la kaskazini huota jua mchana na kubaki na ujoto jioni. La mashariki linakupa jua la asubuhi, saa ile ambayo mtu hataki kutoka kwenye blanketi. La kusini ni la mwisho kulichagua.

Nakumbuka mama mmoja wa gesti, Njombe, mwezi wa saba. Alinikabidhi ufunguo, akanitazama miguu iliyokuwa ndani ya kandambili, akasema, "Mwanangu, chukua blanketi la pili sasa hivi. Saa tisa usiku utalitaka na mimi nitakuwa nimelala." Nilikataa kwa adabu. Saa tisa nilivaa nguo zote nilizokuja nazo, na taulo juu yake.

Hili linalofuata lisome mara mbili. Usikubali kulala na jiko la mkaa chumbani, hata ukiletewa kwa moyo mwema. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni, na aliyelala haamki kujiokoa. Jiko kuacha kutoa moshi hakumaanishi kuwa ni salama, makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yenye kudanganya zaidi. Omba blanketi, omba chupa ya chai, omba ndoo ya maji ya moto. Jiko libaki nje.

Maji hayo ya moto nayo yana swali lake: yanapashwa kwa hita au kwa kuni? Hita hunyamaza umeme ukikatika. Nyumba yenye kuni na sufuria kubwa uani haina shida hiyo.

Je, wajua kuwa ulanzi, pombe ya mianzi, una msimu? Utomvu wa mianzi hugemwa wakati wa mvua, na wakati huo vilabu huchangamka. Ukitaka kuuonja, uonje, ndiyo ladha ya nchi hii. Lakini gesti iliyopakana na kilabu au baa haitakupa utulivu Jumamosi usiku. Kagua chumba jioni, muziki ukiwa umeshawashwa.

Anayependa kutembea kwa miguu alale Njombe mjini. Maporomoko ya Luhuji yako mjini humo humo, huhitaji kukodi gari la siku nzima. Anayefuata maua ya Kitulo, hifadhi iliyotangazwa mwaka 2005, asidanganyike na ramani: Kitulo iko upande wa Makete na Mbeya, na kitanda chake ni Matamba, siyo Njombe mjini. Na anayekuja kwa TAZARA ajitahidi kukaa dirishani mchana, kwa sababu kilomita 158 za Mlimba hadi Makambako zilibeba karibu asilimia 30 ya madaraja, mahandaki na kazi za udongo za reli nzima, ile ya kilomita 1,860.

Popote utakapofikia, salimia kwa "Kamwene" kabla ya kuulizia bei. Ni salamu ya Wabena na Wahehe, nayo hujibiwa "Kamwene". Neno moja hilo limewahi kunipatia kiti karibu na moto, na maelezo ya kweli kuhusu ni chumba kipi hakivuji.

Imebaki Ilembula. Iko chini kuliko Njombe, kwenye uwanda unaoteremka kuelekea Usangu, kwa hiyo usiku wake una huruma zaidi. Moyo wa mji huo ni hospitali ya Kilutheri, pamoja na chuo chake cha afya. Wageni wake wengi hawakuja kutalii. Wamekuja kuuguza. Utamwona mama anavuka barabara alfajiri na chupa ya uji kifuani, kanga mbili mabegani, akiwahi mgonjwa wake kabla madaktari hawajapita wodini. Kwake chumba kilicho hatua chache kutoka geti la hospitali hakina mbadala, maana anakwenda na kurudi mara tatu kwa siku, na usiku akiitwa lazima afike.

Vyumba vya Ilembula si vingi kama vya Makambako. Kama safari yako ni ya matembezi au biashara, nenda Ilembula asubuhi, maliza shughuli zako, jioni rudi Makambako ukalale huko. Chumba cha karibu na geti mwachie anayeuguza.