Watakaokosekana Uwanjani: Namna Msimu wa Raga ya England Unavyobashiriwa

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba, mashabiki wa raga nchini England huvipanga vilabu 10 vya ligi kuu ya nchi hiyo kwa kufuata nafasi wanazoamini vitashika msimu utakapomalizika mwezi wa Juni. Upangaji huo si lazima uhusiane na kamari. Ni namna ya shabiki kudhihirisha anavyouelewa mchezo, kwa maana anayesema kwamba Bath itamaliza juu ya Leicester, au kwamba Gloucester itakosa nusu fainali, analazimika kuwa na rai kuhusu usajili, makocha, hazina ya klabu na ratiba ya miezi mingi. Hata hivyo, ubashiri mwingi wa aina hii hukosea, tena kwa sababu inayojirudia: shabiki huhesabu majina makubwa yaliyomo kikosini, ilhali katika raga ya kulipwa nafasi ya klabu huamuliwa kwa kiasi kikubwa na wachezaji watakaokosekana, muda watakaokosekana, na uwezo wa wale watakaoziba mapengo yao.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wameijua raga kupitia mchezo wa wachezaji 7, hasa tangu timu ya Kenya, Shujaa, ilipoishinda Fiji kwa pointi 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore mwezi wa Aprili 2016. Ligi kuu ya England ni ya raga ya wachezaji 15, inayochezwa kwa dakika 80, ambamo wachezaji 8 wa mbele, wenye miili mizito, hugombea mpira kwa nguvu, na 7 wa nyuma huutumia kwa mbio, pasi na mateke. Trai, yaani kuugusisha mpira ardhini ndani ya eneo la goli la wapinzani, huleta pointi 5, na teke linalofuata likipita kati ya milingoti juu ya mwamba huongeza 2. Penalti huleta 3, sawa na teke la kudondosha, ambapo mchezaji huuangusha mpira kwa makusudi na kuupiga mara unapodunda. Mchezo huu ulikuwa wa ridhaa hadi Agosti 1995, wakati bodi ya kimataifa iliporuhusu wachezaji kulipwa, kwa hiyo uchumi wake bado ni mchanga ukilinganishwa na ule wa soka, na uchanga huo una athari kubwa kwa ubashiri, kama itakavyoonekana.

Kabla ya kupanga vilabu, shabiki anapaswa kujua anajibu swali gani, kwa sababu maswali ni mawili na majibu yake hayafanani. La kwanza ni nani ataongoza msimamo wa ligi, ambao hujengwa kwa pointi 4 za ushindi, 2 za sare, pamoja na pointi moja ya ziada kwa timu iliyofunga trai 4 au zaidi, na nyingine kwa timu iliyoshindwa kwa tofauti isiyozidi pointi 7. La pili ni nani atakuwa bingwa, na hilo huamuliwa na vilabu 4 vya juu katika mechi za mtoano, yaani nusu fainali na fainali inayochezwa katika uwanja wa Twickenham. Utaratibu wa kumpata bingwa kwa fainali hiyo ulianza msimu wa 2002–03, na mwaka huo huo ulionyesha pengo lililopo kati ya maswali hayo mawili: Gloucester iliongoza ligi kwa pointi 82, Wasps ikaifuata kwa 67, lakini katika fainali Wasps ilishinda kwa pointi 39 kwa 3. Miaka 18 baadaye Harlequins, iliyomaliza ya nne, ilikuwa nyuma kwa pointi 28 bila kitu katika nusu fainali dhidi ya Bristol, ikageuza mchezo na kushinda 43 kwa 36 katika muda wa nyongeza, kisha ikaifunga Exeter 40 kwa 38 na kutwaa taji la 2021. Anayebashiri kwa uangalifu hutaja vilabu vinne atakavyovikuta katika nusu fainali kabla ya kuthubutu kutaja bingwa, na asipofanya hivyo amechanganya uimara wa miezi mingi na ubora wa wiki mbili.

Uimara huo wa miezi mingi ndio unaofungua mlango wa suala la watakaokosekana. Mchezaji bora wa klabu ya England kwa kawaida huitwa na timu ya taifa mwezi wa Novemba, kisha tena Februari na Machi kwa ajili ya Mashindano ya Mataifa Sita, yanayozikutanisha England, Scotland, Wales, Ireland, Ufaransa na Italia. Kwa miaka mingi raundi za ligi ziliendelea huku wachezaji hao wakiwa hawapo, jambo lililomaanisha kwamba klabu iliyokusanya nyota wengi iliadhibiwa kwa mafanikio yake yenyewe. Tangu ligi ilipobaki na vilabu 10, ratiba imepangwa ili mechi nyingi za ligi zisigongane na zile za mataifa, lakini tatizo halijaisha. Limebadilika sura tu, kwani wachezaji hao hurudi wakiwa wamechoka, baadhi wameumia, na wengine hupaswa kupewa wiki za mapumziko ambazo klabu haina hiari ya kuzikataa.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitolewa Oktoba 2023. Kombe la Dunia lilikuwa linaendelea Ufaransa, na England ilikuwa bado mashindanoni ikijiandaa kukutana na Fiji katika robo fainali, wakati ligi ilipofunguliwa na bingwa mtetezi, Saracens, akasafiri kwenda Exeter bila kundi la wachezaji wake wa kimataifa. Matokeo yalikuwa 65 kwa 10 kwa faida ya Exeter. Shabiki aliyeuharakisha ubashiri wake baada ya siku ile angeiweka Exeter juu na kuiandikia Saracens msimu wa maafa, lakini mwisho wa msimu Saracens ilimaliza ya nne na kufika nusu fainali, na Exeter haikuwemo miongoni mwa nne bora. Kipigo kile kilipima pengo la kipindi kimoja, si uwezo wa mwaka mzima, na hapo ndipo kalenda inapokuwa chombo cha ubashiri chenye manufaa kuliko orodha ya majina.

Hali ya Northampton ni ya kufikirisha zaidi, kwa sababu haikuhusu Kombe la Dunia. Klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa 2024 kwa kuifunga Bath 25 kwa 21, kisha ikawapoteza Courtney Lawes na Lewis Ludlam, wachezaji wa mbele wenye uzoefu mkubwa, waliohamia Ufaransa. Msimu uliofuata ilimaliza nafasi ya nane, na bado katika msimu huo huo ilikwenda Dublin ikaishinda Leinster ya Ireland 37 kwa 34 na kufika fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Timu iliyo duni haiwezi kuishinda Leinster nyumbani kwake. Tafsiri inayoridhisha ni kwamba wachezaji wake 15 wa kwanza walikuwa na hadhi ya Ulaya, lakini safu ya pili, inayobeba mzigo katika wiki za kawaida za ligi, haikuwa na kina cha kutosha. Baada ya hapo wachezaji wake wanne walichaguliwa katika British and Irish Lions, timu ya pamoja ya England, Scotland, Wales na Ireland inayoundwa kila baada ya miaka 4, ambayo ziara yake ya Australia ilimalizika mwanzoni mwa Agosti 2025, wiki chache kabla ya ligi kuanza. Kwa klabu, heshima hiyo ni pia deni la uchovu, na mbashiri mwadilifu hana budi kuliweka katika hesabu zake.

Miongoni mwa nafasi zote uwanjani, hakuna ambayo ukosefu wake hugharimu kama mstari wa kwanza wa skramu. Skramu ni njia ya kuanzisha upya mchezo ambapo wachezaji 8 wa kila upande hushikana na kusukumana, wakitanguliwa na watatu: mapropu wawili pembeni na huka katikati, na kwa kuwa shinikizo linalobebwa na shingo na migongo ya watatu hao linaweza kuvunja uti wa mgongo, kanuni haziruhusu nafasi hizo kushikwa na mtu asiyefunzwa. Kikosi cha siku ya mechi huwa na wachezaji 23, na miongoni mwa 8 wa akiba lazima wawemo wa kuziba kila moja ya nafasi hizo tatu. Propu wa kulia, anayepokea msukumo wa wapinzani kwa mabega yote mawili, ni adimu na ghali. Bath ilikuwa nao wawili wa kiwango cha juu, Will Stuart wa England na Thomas du Toit kutoka Afrika Kusini, na ndiyo maana uwezo wake wa kusukuma haukudhoofika hata wa kwanza alipotoka na wa pili kuingia. Mashabiki wengi hutumia muda mrefu kujadili mawinga wenye mbio. Ingewafaa zaidi kuanza na swali la nani ni propu wa tatu wa klabu, na ana umri gani.

Kuhusu makocha, lililo muhimu ni muda. Leicester ilimaliza ya 11 mara mbili mfululizo, ikampata Steve Borthwick mwaka 2020, ikapanda hadi nafasi ya sita, na mwaka 2022 ikawa bingwa kwa kuifunga Saracens 15 kwa 12, pointi za mwisho zikitokana na teke la kudondosha la Freddie Burns. Bath ilishika mkia mwaka huo huo, ikamwajiri Johann van Graan, ikawa ya nane, kisha ya pili, na mwaka 2025 ikatwaa taji lake la kwanza la ligi tangu 1996. Kupanda huko kulichukua misimu miwili au mitatu, kwa hiyo kocha aliyefika mwezi wa Julai hapaswi kuongezewa nafasi nyingi katika ubashiri wa Septemba.

Lakini kuna ukosefu mwingine, mzito kuliko wa mchezaji, ambao mashabiki hawakuuweka katika orodha zao hadi ulipowaumiza: ukosefu wa klabu yenyewe. Ligi huweka ukomo wa mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho klabu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake kwa msimu, ambacho kilipunguzwa hadi pauni milioni 5 baada ya janga la korona na kurejeshwa kwenye milioni 6.4 katika msimu wa 2024–25. Saracens, iliyokuwa bingwa mara nne kati ya 2015 na 2019, ilibainika kuuvuka ukomo huo, ikatozwa faini inayozidi pauni milioni 5, ikanyang'anywa jumla ya pointi 105 katika msimu wa 2019–20 na kushushwa daraja. Hakuna uchambuzi wa skramu ambao ungeweza kuonyesha hilo.

Msimu wa 2022–23 ulikuwa wa huzuni zaidi. Ulianza na vilabu 13. Worcester ikaanguka mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi mwezi wa Septemba na Wasps mwezi uliofuata, matokeo yao yakafutwa, na ligi ikaendelea na vilabu 11 kabla ya London Irish nayo kuondolewa Juni 2023. Wasps ilianzishwa 1867, ilikuwa bingwa wa Ulaya mara mbili, na ilikuwa imekopa pauni milioni 35 kwa kuuza hati fungani baada ya kuhamia Coventry. Yaani dalili zilikuwa hadharani kwa yeyote aliyesoma hesabu za klabu kwa umakini alioutumia kusoma majina ya kikosi. Walioumia kwanza ni wafanyakazi na wachezaji waliopoteza ajira, na haifai kulizungumzia tukio hilo kama suala la msimamo wa ligi pekee. Hata hivyo, kwa ubashiri, jambo lililofuata lina uzito: wachezaji walitawanyika. Jack Willis alikwenda Toulouse akashinda ubingwa wa Ufaransa na wa Ulaya. Ollie Lawrence na Ted Hill walitoka Worcester kwenda Bath, na Alfie Barbeary akatoka Wasps akaelekea huko huko. Ubingwa wa Bath wa 2025 ulikuwa na mizizi katika vuli ile mbaya, na shabiki aliyefuatilia walikokwenda wachezaji hao angeiona Bath ikija miaka miwili kabla.

Newcastle ndiyo klabu inayomtatiza mbashiri zaidi. Katika msimu wa 2023–24 ilipoteza mechi zake zote 18 za ligi, na Agosti 2025 ikanunuliwa na Red Bull, kampuni ya Austria inayomiliki timu za soka na za mbio za magari. Ununuzi huo ulikuja wakati vilabu vingi vilikuwa vimekwisha kupanga vikosi vyao, na wachezaji wa daraja la juu walikuwa wamefungwa na mikataba yao kwingineko, hivyo fedha hizo hazingeweza kununua propu wa tatu ambaye hakuwepo sokoni. Anayetaka kujua lini Newcastle itapanda hana haja ya kutazama matokeo yake ya Septemba. Atazame ni mikataba ipi katika vilabu vingine tisa inayomalizika Juni, na ni wachezaji gani wa mbele wanaochelewa kuiongeza.