Uhuru wa Mwanafunzi katika Somo la Kiingereza

Katika kitabu chake cha 1981, Henri Holec alieleza uhuru wa mwanafunzi kuwa ni uwezo wa kusimamia kujifunza kwake mwenyewe. Mtu hazaliwi na uwezo huo. Sharti aupate kwa mazoezi. Tuchukue mfano wa insha. Neno "yeye" la Kiswahili halibagui mume na mke, hivyo wanafunzi wengi wa Kenya huchanganya "he" na "she". Mwalimu akisahihisha kila kosa, mwanafunzi hunakili tu. Afadhali apige mstari chini ya kosa, mwanafunzi alisahihishe mwenyewe na kuliandika katika daftari la makosa, ambalo atalitumia kuipitia insha ifuatayo kabla ya kuikabidhi. Mwalimu hapotezi mamlaka kwa kufanya hivyo. Humwandaa mwanafunzi kwa chumba cha mtihani, ambamo hapana wa kumsahihishia.